Mtu wa Kwetu ni Nani?

(Maneno ya Mweka Hazina kwa wanachama wa tawi la Dar es Salaam, kikao cha maandalizi ya harambee ya bweni, Kariakoo. Yamechapishwa kwa ombi la kamati ya kijitabu.)

Ndugu zangu Wasabato, najua jana mlikuwa ibadani kutwa nzima, poleni na karibuni.

Kijana mmoja aliniuliza wiki iliyopita kwa nini chama chetu kinakutana Jumapili saa tisa, saa ya jua kali na tumbo zito. Nikamwambia jibu limo kwenye daftari la kumbukumbu la wazee waliotutangulia. Ijumaa mchana Waislamu wetu wako msikitini. Kuanzia Ijumaa jua linapozama mpaka Jumamosi jua linapozama, Wasabato wetu hawafanyi shughuli. Jumapili asubuhi Walutheri wako kanisani, na mnawajua Walutheri, wakianza mnada wa mavuno hawatoki kabla ya saa saba. Ikabaki Jumapili saa tisa. Hakuna aliyepata saa aliyoitaka, lakini kila mtu anaweza kufika. Na ikifika alasiri tunasimama, chumba cha nyuma kina mikeka, tunaendelea baadaye.

Mambo kama hayo tumeyazoea hata hatuyaoni tena. Nyama ya harambee anachinja Mwislamu. Nguruwe haingii jikoni, na hapo Waislamu na Wasabato wako upande mmoja. Bia hatuuzi. Mimi kama mtu wa hesabu nakiri kwamba meza ya bia ingetuingizia fedha nzuri kuliko mnada wa keki, na kila mwaka kuna mtu ananinong'oneza hivyo. Kila mwaka namjibu kwamba wanachama ambao hawatakaa ukumbini kwa sababu ya bia ndio wanaolipa ahadi zao mapema. Aangalie leja.

Lakini sikuja kusifia. Nimekuja kuzungumzia pendekezo lililo mezani, la kubadili kifungu cha uanachama. Mmeliona. Linasema mwanachama na mnufaika wa chama awe "mzaliwa wa kwetu kwa upande wa baba". Waliolileta ni watu ninaowaheshimu, na hofu yao naielewa: chama kimekua, mfuko wa maafa una fedha, wanaogopa watu wataingia kwa ajili ya fedha. Mhasibu anayepuuza hofu ya namna hiyo hafai. Ila nataka niwaonyeshe kifungu hicho kitafanya nini, kwa sababu kilishawahi kufanya kazi kabla hata hakijaandikwa, na mkono ulioandika barua ulikuwa wangu.

Kwanza nitangaze maslahi. Mimi ni Mpare, nimezaliwa milimani, baba na mama wote wa Same. Nimeolewa na mtu wa Mtwara. Kwa kifungu hicho watoto wangu watatu si wa kwetu. Basi mkinisikiliza, mjue na hilo.

Sasa barua. Mwaka 2017 tulikuwa na mwanachama, mfanyabiashara wa hapa Mtaa wa Congo, mtu wa Kigoma. Mke wake ni dada yetu. Alijiunga kwa sababu ya mke wake, akalipa ada na michango ya maafa miaka tisa mfululizo. Nimerudia kuangalia kitabu: hakuna mwezi aliochelewa. Akafiwa na mama yake mzazi aliyekuwa amekuja mjini kutibiwa. Ilibidi mwili usafirishwe mpaka Kasulu, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Akaleta ombi lake kama mwanachama yeyote. Kwenye kamati mtu mmoja akauliza: "Lakini huyu ni mtu wa kwetu?" Tukafungua katiba, tukakuta neno "asili", tukalibana lile neno mpaka likatoa jibu tulilokuwa tunalitaka. Ombi likakataliwa. Nikaandika barua, kwa lugha nzuri, nikaisaini.

Michango yake ya miaka tisa hatukumrudishia. Hilo nalo hakuna aliyeliuliza, na mimi ndiye niliyepaswa kuliuliza.

Usiku uleule wenzake wa mstari wa maduka walipita na boksi. Alikuwepo Mkinga, alikuwepo Mpemba, alikuwepo Mhindi wa duka la jumla anayemkopesha vitenge. Asubuhi gari liliondoka. Baadhi yetu humu ndani tulichangia pale kimyakimya, kama watu binafsi, halafu tukaja kikaoni kama chama tukiwa na barua yetu ya kukataa.

Naomba mfikirie tuko wapi tunapoyasema haya ya "wa kwetu". Tuko Kariakoo. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza. Hawakuwa watu wa kabila moja, na wengi waliokufa njiani hawakuzikwa na ndugu zao. Mitaa inayotuzunguka imebeba majina ya kwao na watu wengine: Congo, Lindi, Pemba, Mafia, Somali, Nyamwezi, Sukuma. Msikiti wa Manyema una jina la watu waliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wenye mji huu, Wazaramo na Washomvi, wangetuwekea kifungu cha "kwa upande wa baba", sisi tungekuwa wapi leo?

Mji huu ulianza kwa kupangwa ili watu wasichanganyike. Wajerumani waligawa maeneo kwa aina ya nyumba, Waingereza wakaendelea, na wenyeji wakayapa majina yaliyo wazi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kiwanja cha Mnazi Mmoja, mnapopanda daladala na kupumzika kwenye nyasi, kiliachwa wazi makusudi kati ya Uhindini na Kariakoo, ili Mwafrika na Mhindi watengane. Shule zilikuwa za rangi, hospitali za rangi. Lakini huku Uswahilini, ndani ya ile nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, mpango huo haukuwezekana. Baba yangu alipokuja kutafuta kazi miaka ya sabini alipanga chumba kimoja Mtaa wa Narung'ombe. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kizaramo, Mwislamu. Chumba cha pili Mmanyema, cha tatu Mngoni Mkatoliki, choo kimoja, uani kumoja, sufuria zikipikwa sambamba. Mdogo wake baba alifia Muhimbili, na hapa mjini hakukuwa na ndugu hata mmoja. Yule mama alitoa mikeka, akapika siku tatu, wakaja watu baba asiowajua majina. Sisi ni Walutheri. Hakuna aliyeuliza. Mimi kazi yangu ni kudai stakabadhi, lakini stakabadhi ya chakula kile sijawahi kuiona.

Na siasa za nchi hii zilizaliwa kwenye nyumba kama hizo. TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954, hapa hapa, mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Waliomshika mkono Mwalimu Nyerere, Mkatoliki kutoka Butiama, walikuwa kina Abdulwahid na Ally Sykes, Waislamu wa Kariakoo ambao babu yao alikuwa Mzulu aliyeletwa na Wajerumani kama askari. Alikuwepo Dossa Aziz. Alikuwepo John Rupia, Mkristo na mfanyabiashara, aliyetoa fedha zake. Bibi Titi Mohamed akawaleta kina mama. Kifungu cha asili kingemtoa nani pale? Kingewatoa karibu wote.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo la mwaka 1958, kwa sababu linafanana na letu kuliko mnavyodhani. Waingereza walileta kura tatu: kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. Ilikuwa dharau. Watu wachache walipewa viti sawa na mamilioni. Wanachama wengi wa TANU walitaka kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki. Januari 1958 wakakutana Tabora. Mwalimu akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu, ambaye hakukubaliana na mwelekeo huo, alijitoa akaanzisha chama chake cha Waafrika peke yao. TANU ikaingia na kufanya jambo ambalo waliopanga kura tatu hawakulitarajia: viti vya Waasia na Wazungu ikaunga mkono watu waliokubali msimamo wake. Ndivyo walivyoingia bungeni kina Amir Jamal, Derek Bryceson, Sophia Mustafa na Lady Chesham, kwa kura za Waafrika. Sanduku lililotengenezwa kutenganisha rangi likatumika kuziunganisha.

Halafu Oktoba 1961, zimebaki wiki chache tu kabla ya Uhuru, Bunge likajadili sheria ya uraia. Wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika, wengine wasubiri. Mwalimu alikasirika kuliko siku nyingi. Hoja yake ilikuwa kwamba ukishakubali kumbagua mtu kwa rangi hutaishia hapo, utakwenda kwenye kabila na dini. Akawaambia waziwazi kwamba sheria hiyo ikikataliwa, serikali yake itajiuzulu. Ikapita. Ndiyo sababu Amir Jamal, mtoto wa wafanyabiashara wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza, alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa nchi hii. Sisi wahasibu tuna haki ya kumkumbuka.

Sisemi kwamba baada ya hapo yote yalikuwa mazuri. Wahindi waliotaifishiwa nyumba zao mwaka 1971 wana hadithi yao, na wengi walihama. Na sisi wenyewe tumeona mambo ambayo tulidhani ni ya nchi nyingine. Oktoba 2012 kule Mbagala, ugomvi wa watoto juu ya Msahafu uliishia kwa makanisa kuchomwa, na wiki iliyofuata mabomu ya machozi yakapigwa hapa Kariakoo baada ya swala ya Ijumaa. Februari 2013 huko Geita watu waligombana nani ana haki ya kuchinja, na mchungaji akauawa. Kuchinja! Jambo ambalo sisi tunalimaliza kwa kumuuliza Mzee wa jikoni ana kisu kikali.

Nilikuwa na mteja mwenye duka siku zile za 2012. Aliniambia kitu ambacho sijakisahau: kilichomtisha hakikuwa moshi, ilikuwa simu. Watu aliofanya nao biashara miaka kumi walianza kuulizana kwa upole, "Hivi wewe ni dhehebu gani?" Swali hilo halikuwa limewahi kuulizwa dukani.

Kuna la leo pia, nalitaja kwa haraka kwa sababu najua wengi wenu mna maduka. Julai 2025 serikali ilitoa amri kuzuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, baada ya malalamiko mengi ya wafanyabiashara wa hapa juu ya Wachina wanaouza rejareja. Mimi nadhani mwenye duka dogo alikuwa na hoja: anayeagiza kontena na anayeuza pea moja ya viatu akiwa mtu mmoja, mdogo hapumui. Sheria ya biashara ni sheria, ifuatwe. Lakini nimesikia pia maneno yanayosemwa mitaani juu ya watu hao, juu ya macho yao na chakula chao, mbele ya watoto wao ambao Kiswahili wanakijua kuliko wanavyodhani wasemaji. Leseni haina uhusiano na macho ya mtu.

Mimi Kariakoo naiona vizuri zaidi siku ya msiba. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilipoanguka hapa, watu zaidi ya 20 wakafa, wa kwanza kufika hawakuwa na vifaa. Walikuwa wamachinga, wapagazi, vijana wa bodaboda, wakichimba kwa mikono. Mtu akisikika chini ya kifusi aliulizwa jina lake ili aendelee kuzungumza asilale. Hakuulizwa la baba yake.

Turudi nyumbani sasa. Watani zetu wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na pendekezo hili, samahani, linanikumbusha kesi ya kuku. Lakini sisi tuna jambo ambalo wao hawana, nalo ni msaragambo. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Barabara ya kupanda mlimani ilichimbwa hivyo, madarasa yalijengwa hivyo. Ndiva zetu za maji zinasafishwa hivyo: aliyefanya kazi ana zamu yake ya maji, na maji yakifunguliwa yanakwenda shamba la Msabato, linalofuata la Mwislamu, linalofuata la Mlutheri, kwa zamu. Asiyetokea msaragambo anatozwa faini, awe wa ukoo gani. Mnaona? Wazee wetu walikuwa na kipimo, na kilikuwa kikali kuliko hiki cha leo. Walimpima mtu kwa jembe.

Na bweni lenyewe tunalochangia. Mnajua wasichana gani wanaolihitaji kuliko wote? Nimekwenda mwenyewe na fundi Agosti, tukakaa na mwalimu mkuu. Wa milimani karibu na shule wanalala kwao. Wanaopanga vyumba mtaani, wasichana wa miaka kumi na minne wanaopika wenyewe na kufunga mlango kwa kamba, wengi ni wa tambarare, na wengi wao ni Wamasai. Nyumbani kwao ni mbali mno kwenda na kurudi. Niliporudi na taarifa hiyo kwenye kamati, swali la kwanza halikuwa bei ya nondo. Lilikuwa: "Hata hao?" Wazazi wao wanalisha mifugo wilaya ileile, wanapiga kura kituo kilekile, na wakati wa ukame tunagombana nao mabwawa yaleyale. Ugomvi huo upo, siukatai, na mashamba yaliyoliwa na ng'ombe nimeyaona. Lakini tukijenga bweni lenye vitanda vya wasichana wa "kwetu kwa upande wa baba", tutakuwa na bweni nusu tupu na wasichana bado wamefunga milango kwa kamba.

Naomba mambo matatu, yako kwenye ajenda.

La kwanza, pendekezo la kifungu liondolewe, na badala yake tuweke muda wa kungoja: mwanachama mpya achangie miezi kumi na miwili kabla ya kunufaika na mfuko wa maafa. Hiyo ndiyo dawa ya hofu ya watu kuingia kwa ajili ya fedha. Vyama vingi vya kuzikana mjini hapa vina utaratibu kama huo, na inazuia wajanja wote, wakiwemo wajanja wa kwetu kwa upande wa baba. Ambao, niseme kweli, ndio pekee waliowahi kunisumbua.

La pili, fomu ya uanachama. Ina nafasi ya kabila na nafasi ya dini. Nimeuliza kila katibu aliyepita zinatumika wapi, hakuna anayejua. Fomu mpya nimeshaichapa bila hizo nafasi. Tukitaka kujua nani hali nini siku ya sherehe, tutamuuliza anayepika.

La tatu ni lile la mwaka 2017. Mwezi uliopita nilikwenda dukani kwake. Alinikaribisha, akaagiza chai. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa barua ile, na kwamba sikutumwa na kamati. Alikaa kimya, akamhudumia mteja mmoja, akarudi. Akasema, "Dada, mke wangu bado anachanga kwenu kila mwezi. Sijawahi kumkataza." Basi. Hakuniambia nimesamehewa, nami sikumwomba aseme.

Kwenye bajeti mnayoishika, ukurasa wa pili, mstari wa saba, kuna kiasi nimekiandika chini ya madeni, si chini ya misaada. Ni rambirambi ya mama yake kwa kiwango cha katiba ya mwaka ule. Mwenyekiti ameniuliza kama ni halali kihesabu kulipa deni la zamani namna hiyo. Ni halali, mkutano ukipitisha. Mkipitisha leo, kitabu cha hundi ninacho kwenye mkoba na watia saini wote watatu wapo humu ukumbini.